Safari Humfundisha Mtu Kuishi Leo

Watu husema, "Tembea uone," na maneno hayo ni ya kweli. Lakini wengi wetu tukiyasikia hudhani kwamba faida ya safari ni vile vitu tutakavyoviona huko twendako: mji mkubwa, bahari, mlima wenye theluji, ama wanyama wa porini. Vitu hivyo ni vizuri, wala sina nia ya kuvidharau. Walakini iko faida nyingine ambayo haitajwi sana, nayo ni kwamba safari humrudishia mtu siku yake ya leo. Mtu aliyekuwa akiishi katika kesho, ama katika jana, hujikuta kwa muda yu katika saa hii hii aliyo nayo, akitazama kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake. Nataka kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa nini ni la maana kwa mkulima na kwa karani, na namna mtu awezavyo kulipata hata kama safari yake ni fupi na mfuko wake si mzito.

MKULIMA, KARANI NA KESHO

Mtazame mkulima. Akisimama shambani mwake mvua zikiwa zimekolea na mahindi yamefika magotini, je, huyaona mahindi? Mara nyingi hayaoni. Huona karo ya muhula ujao, deni la mbolea, bei ya gunia sokoni, na mchuuzi atakayekuja kumpunja. Mahindi yenyewe, pamoja na ukijani wake na mlio wake upepo unapopita, yamekwisha kuwa hesabu kabla hayajawa chakula. Mwenye kahawa ni vivyo hivyo. Maua meupe yanapochanua na harufu yake kuenea ridge nzima, yeye huwaza tu malipo ya chama cha ushirika, na kama yatakuja mapema au yatachelewa.

Karani naye hana nafuu. Jumatatu huitazamia Ijumaa, mwanzo wa mwezi huutazamia mwisho wake, na hata akiwa bado kijana huhesabu miaka iliyobaki mpaka apate kiinua mgongo. Huamka akifikiri faili aliyoiacha mezani jana, hulala akifikiri barua itakayoletwa kesho. Jioni akiketi na watoto wake, mwili uko nyumbani na moyo uko ofisini. Asubuhi akiwa ofisini, moyo umekwisha kurudi nyumbani.

Sisemi kwamba kufikiri kesho ni kosa. Mkulima asiyefikiri kesho atakula mbegu, na karani asiyefikiri kesho ataaibika tarehe kumi na tano ya mwezi. Wazee walisema akiba haiozi, na ni kweli. Lakini wazee hao hao walisema pia, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Hawakuwa wakijipinga. Walijua kwamba kesho yastahili sehemu yake ya fikira zetu, ila haistahili zote. Mtu anayeipa kesho fikira zote huzipoteza siku moja moja, wala hatambui kuzipoteza mpaka zimekwisha kuwa miaka.

NAMNA SAFARI INAVYOTUBADILISHA

Basi safari hufanya nini? Kwanza, humtenga mtu na kazi yake. Aliyeketi katika gari akaliacha shamba maili mia nyuma hawezi kupalilia, hata akitaka. Hawezi kufunga zizi, wala kumwita kibarua, wala kutia sahihi barua. Mambo ya nyumbani yapo, lakini hayafikiwi na mkono wake. Tena mambo ya huko aendako nayo bado hayafikiwi, maana hajafika. Amewekwa katikati, na katikati hapo hapana kazi yoyote ila kuwapo.

Pili, safari huamsha macho yaliyolala. Njia ya kutoka nyumbani hata dukani tumeipita mara elfu, kwa hiyo miguu huipita yenyewe. Lakini mtu akishuka katika mji asioujua, hawezi kuuachia miguu. Hana budi kuuliza njia, kusoma vibao, kuhesabu chenji yake, kutazama gari lipi linakwenda wapi, na kusikiliza watu wa hapo wanavyoamkiana ili naye aamkie vivyo. Kila jambo dogo lataka akili yake. Hapo hapati nafasi ya kuwaza jana wala kesho.

Tatu, safari hupunguza haja. Nyumbani mtu ana haja mia. Njiani ana haja tatu nne: maji, chakula, mahali pa kulala, na kiti kisicho na jua kali. Akipata chai ya moto na andazi katika kituo cha njiani, hufurahi kwa furaha ambayo chai ya nyumbani haijampa mwaka mzima.

Hata dini zetu zakubali kwamba mtu aliye njiani yumo katika hali ya peke yake. Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari za Waisraeli jangwani. Walipokuwa safarini walipewa mana ya kuwatosha siku moja tu, na wale waliojaribu kuiweka hata asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato, ambayo waliagizwa kuiweka. Nao ndugu zetu Waislamu wajua kwamba sheria humhurumia msafiri. Ameruhusiwa kuifupisha sala ya rakaa nne ikawa mbili, na kama ni Ramadhani ameruhusiwa kufungua, kisha ailipe saumu yake siku nyingine. Msafiri hupewa mzigo wa siku moja, si zaidi.

TOKA PWANI HATA ZIWANI

Tuchukue safari moja ambayo wengi wetu twaijua, nayo ni ile ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu. Kabla ya reli, msafara wa kwenda Uganda ulikaa njiani kama miezi mitatu. Mpagazi alibeba mzigo wa ratili 60 au 70, na safari ilipimwa kwa maji: leo tutalala penye kisima hiki, kesho penye mto ule. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya sasa. Njia hiyo yote ilikuwa maili zipatazo 580. Safari ya miezi ikawa safari ya siku.

Kwa miaka mingi gari la moshi kati ya Mombasa na Nairobi lilikuwa safari ya usiku. Watu walipanda jioni, wakafungua masurufu yao, wakagawana mayai, mikate na machungwa na watu wasiowajua, na kabla ya usiku wa manane behewa zima lilikuwa kama nyumba moja. Asubuhi waliokwenda bara walifungua madirisha wakakuta nyanda za Athi mbele yao. Gari hilo la zamani liliacha kuchukua abiria mwaka 2017, na mwezi wa Juni mwaka huo huo reli mpya ikaanza kuwachukua. Sasa safari ya kati ya miji hiyo miwili yaweza kwisha kwa saa tano hivi, nayo hufanywa hata mchana.

Wako wanaosikitika kwamba mwendo umekuwa wa haraka mno. Nafikiri hata saa tano zatosha, kwa mtu atakayezitumia. Ukitoka Mombasa waiacha minazi na miembe, halafu waanza kuona mibuyu imesimama mmoja mmoja katika nchi kavu. Karibu na Voi vilima vya Taita vinainuka upande wa kushoto, na mashamba ya katani yako hapo chini. Kisha yaja Tsavo, yenye udongo mwekundu hata ndovu wa huko ni wekundu kwa sababu hujipaka vumbi lake. Mbele ya hapo, kama mawingu yameinuka, mlima Kilimanjaro waonekana kwa mbali. Kisha ni Ukambani, mito ya mchanga isiyo na maji juu, na vilima vilivyokatwa matuta na watu waliokataa udongo wao uchukuliwe na mvua.

Akiondoka Nairobi kwa basi kwenda magharibi, msafiri hupanda Limuru penye chai na ubaridi, halafu nchi hukatika ghafula mbele yake, na Bonde la Ufa lote likawa chini ya macho yake. Hupita Naivasha na Nakuru, akapanda tena milima ya Mau, zaidi ya futi 8,000 juu ya bahari, akapita mashamba ya chai ya Kericho yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Kisha hushuka mpaka nchi tambarare ya Kano, yenye udongo mweusi, miwa na mpunga, na joto linampokea kabla ya ziwa.

NYAKATI TATU KATIKA SIKU MOJA

Hapa nataka mkulima anisikilize hasa. Mtu akisafiri njia hiyo mwezi wa Agosti, atakutana na jambo la ajabu. Ukambani ataona ardhi kavu, tupu, inayongojea mvua za vuli, maana huko mvua hizo ndizo zinazotegemewa zaidi. Katika nchi za juu za Nakuru na Mau ataona mahindi mabichi bado yamesimama, na mavuno ya huko ni baadaye. Akishuka Kano atakuta watu wamekwisha kuvunja mahindi yao, wanayaanika juani. Mkulima mmoja angojea kupanda, wa pili angojea kuvuna, wa tatu anavuna. Siku ni ile ile moja, na nyakati ni tatu.

Mkulima aliye nyumbani daima hudhani kwamba msimu wake ndio msimu wa dunia. Akiwa katika kungoja, huona kana kwamba dunia nzima yangoja. Akisafiri hujua kwamba mahali pengine, saa hii hii, mtu anakula alichopanda. Hapo huelewa kwamba kungoja kwenyewe ni sehemu ya maisha, si tundu lililo katikati ya maisha.

Tena atavumbua kwamba mahindi ya mtu mwingine aweza kuyaona. Nyumbani mahindi ni karo. Njiani mahindi ni mahindi. Kwa kuwa si yake, hayamdai chochote, naye huyatazama kama yalivyo: yamepandwa kwa mistari au ovyo, yana magugu au hayana, majani yake yamegeuka manjano kwa kukosa mbolea, au yamenawiri. Mkulima hodari hujifunza mengi zaidi katika dirisha la basi kuliko awezavyo kujifunza akiwa amesimama katika shamba lake na hofu yake. Mwenye kutazama leo sawasawa ndiye atakayepata maarifa ya kesho.

WASAFIRI WALIOTUTANGULIA

Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Alifuatana na Ham Mukasa, aliyekuwa mwandishi wake katika safari hiyo. Wakashuka pwani, na reli ilikuwa imefika ziwani miezi michache tu kabla yao, wakapanda meli Mombasa. Kutawazwa kulikuwa kumewekwa tarehe 26 Juni. Lakini siku mbili kabla ya sherehe ikatangazwa kwamba mfalme yu mgonjwa, na mambo yote yakaahirishwa. Mfalme alitawazwa tarehe 9 Agosti.

Fikiri, ndugu msomaji. Watu wametoka Buganda, wamevuka bahari, na jambo lile walilolijia limeondolewa mbele yao. Mtu anayeishi katika kesho angalikaa chumbani akinung'unika. Lakini Ham Mukasa aliendelea kutazama na kuandika: meli na mitambo yake, majumba, viwanda, desturi za watu, na mambo makubwa kwa madogo. Habari zake zilitolewa kitabu kwa Kiingereza mwaka 1904, na mpaka leo zasomwa. Lililodumu si ile sherehe peke yake, bali ni zile siku ambazo mwingine angalizihesabu kuwa siku za kungoja.

Mabaharia wa pwani yetu walilijua jambo hili kabla ya reli na kabla ya vitabu. Majahazi ya Arabuni na ya Ghuba yalikuja na pepo za kaskazi, zinazovuma tangu mwisho wa mwaka hata karibu na Machi, yakarudi na kusi. Hapana nahodha aliyeweza kuuamrisha upepo. Mwaka 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi aliyezaliwa Australia, alipanda jahazi la Kuwait, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka na kaskazi wakapita Lamu, Mombasa na Unguja hata mto wa Rufiji, walikopakia boriti, kisha wakarudi kwao na kusi. Katika safari kama hizo upepo ukikosa, hakuna la kuharakisha. Watu hushona tanga, huvua samaki, hupika, huimba, hulala. Hawakuwa wavivu hata kidogo, maana upepo ukija walifanya kazi ya kuvunja mgongo. Walijua tu kutofautisha saa ya kuvuta kamba na saa ya kuketi.

SAFARI YA HIARI NA SAFARI YA SHURUTI

Hata hivyo yapasa tuseme ukweli wote. Si kila mtu aliyekwenda njiani alipewa leo yake. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli ile ile niliyoisifu, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Katika vita ya mwaka 1914 hata 1918 mamia ya maelfu ya wapagazi Waafrika walipelekwa safari ambazo hawakuzichagua, na wengi hawakurudi. Tangu miaka ya baada ya vita hiyo hata miaka ya 1940 mwanamume Mwafrika wa Kenya hakuweza kutoka kwao kwenda kutafuta kazi bila kipande shingoni. Na wakati wa Hali ya Hatari, tangu 1952 hata 1960, watu wengi wa milimani hawakuweza kwenda hata wilaya ya jirani bila ruhusa.

Mtu anayepelekwa, au anayezuiwa, siku yake imo mikononi mwa mwingine. Kwa sababu hiyo sisi ambao twaweza kununua tiketi na kwenda tutakako tusiichukue ruhusa hiyo kuwa kitu kidogo. Babu zetu wengine waliifahamu kwa kuikosa.

OFISI ILIYO MFUKONI

Katika siku hizi umetokea mgeni mpya katika safari, nayo ni simu ya mkononi. Simu ina manufaa makubwa, wala sitaki kumshauri mtu yeyote aitupe. Lakini nimekwisha kusema kwamba nguvu ya safari ni kumtenga mtu na kazi zake. Simu huondoa utengano huo. Shamba lililokuwa maili mia nyuma limerudi kiganjani. Kibarua auliza kama dawa ya ng'ombe imekwisha, mkubwa wa kazi auliza faili iko wapi, na mtu asiyejulikana atoa habari za vurugu za nchi ya mbali.

Nimeona jambo hili katika gari la kutoka Mombasa. Tulipokuwa tumepita Voi, mtoto mmoja alipiga kelele, "Ndovu! Ndovu!" na watu wakainuka upande ule. Walikuwa kundi zima, wakubwa na wadogo, wekundu kama udongo. Bwana aliyeketi mbele yangu hakuinua kichwa. Alikuwa akisoma simu yake kwa bidii. Ndovu walipokwisha kupita akauliza, "Wako wapi?" Yule mtoto akamjibu kwa adabu, "Wameshapita, mjomba." Kisha bwana huyo akamwomba kijana wa jirani amwonyeshe picha alizozipiga, akazitazama juu ya simu, hali dirisha lilikuwa karibu na bega lake.

Wala mpiga picha hakupona kabisa. Picha moja ni ukumbusho mzuri. Lakini mtu anayeishika simu mbele ya uso wake tangu mwanzo hata mwisho amekwisha kuigeuza leo kuwa kitu cha kutazamwa kesho. Ni kesho ile ile tuliyoikimbia, imeingia kwa mlango mwingine.

MZEE NA BAHARI

Alikuwako mzee mmoja wa kwetu, mkulima wa kahawa, aliyekuwa na hamu ya kuiona bahari tangu ujana wake. Aliisikia kwa nduguye aliyefanya kazi bandarini. Kila mwaka alisema, "Nikiisha kuvuna." Baada ya kuvuna alisema, "Nikiisha kulipa karo ya huyu wa kwanza." Walifuata wa pili, na wa tatu, na wa sita. Hakuna mtu aliyeweza kumlaumu, maana hakulewa wala hakupoteza mali. Watoto wote sita walisoma. Walipokwisha kusoma alisema, "Nikiisha kuezeka nyumba." Katika miaka hiyo macho yake yalianza kufifia, naye akadhani ni uzee tu. Alipopelekwa kwa tabibu aliambiwa kwamba ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi.

Watoto wake walimchukua wakampeleka Mombasa. Wakamshika mikono wakamwingiza majini hata magotini. Watoto wakaanza kumweleza: baba, maji ni ya rangi hii, baba, kule mbali kuna meli. Akawaambia, "Nyamazeni kidogo, wanangu, niisikie." Wakanyamaza. Alisimama pale muda mrefu, mawimbi yakija na kurudi, akachota maji kwa kiganja akayaonja, akacheka kwa sababu ya chumvi. Aliporudi nyumbani alituhadithia safari hiyo kwa siku nyingi, na masimulizi yake yalikuwa mazuri kuliko ya watu wenye macho.

Nimewaza sana habari hizo, na naona mambo mawili ndani yake. La kwanza ni la kuhuzunisha: kesho aliyoingojea kwa miaka arobaini ilimnyang'anya kitu ambacho hakuna mavuno yanayoweza kukirudisha. La pili ni la kutia moyo: siku ile moja aliyopata, aliiishi yote. Aliipokea kwa masikio, kwa miguu na kwa ulimi, bila kuacha hata chembe.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Kwa kuwa maneno yasiyo na matendo hayajengi nyumba, natoa mashauri machache.

La kwanza, jitayarishe kabla ya kuondoka. Weka fedha za safari kando kidogo kidogo, mwachie jirani mwaminifu maagizo ya mifugo, maliza barua zako. Mtu asiyejitayarisha huichukua hofu yake pamoja na mzigo wake. Aliyekwisha kuitendea kesho haki yake nyumbani aweza kuiacha hapo hapo mlangoni.

La pili, weka saa moja ya simu kila siku ya safari, asubuhi au jioni. Waambie watu wako saa hiyo. Saa zilizobaki ni zako.

La tatu, amkia watu. Mwulize aliyeketi karibu nawe kwao wanalima nini, na mvua imenyeshaje mwaka huu. Hapana kitabu kinachofundisha nchi kama abiria mwenye miaka sitini.

La nne, andika. Chukua daftari ndogo, na kila jioni uandike mistari mitano: ulichokiona, ulichokula, bei yake, neno jipya ulilolisikia, na mtu aliyekutendea wema. Usiandike utakayofanya kesho.

La tano, usingoje safari kubwa. Mtu wa Nyeri ambaye hajapata kuona Nanyuki ana safari ya siku moja inayomngojea. Mtu wa Kisumu aweza kwenda Homa Bay akarudi. Nchi yako ina mengi usiyoyajua karibu kuliko unavyodhani.

KURUDI KWENYE JEMBE

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hiyo husemwa kwa habari za ukarimu, lakini yamhusu msafiri pia. Hakuna anayeweza kukaa njiani daima. Mkulima atarudi shambani, na karani atarudi mezani pake, na madeni yatakuwa yamewangoja. Kama faida ya safari ingalikwisha mlangoni, ingalikuwa faida ndogo sana.

Lakini aliyesafiri vema hurudi na macho aliyoyapata njiani, naye aweza kuyatumia nyumbani akitaka. Mara moja kwa juma, apite katika shamba lake kama apitavyo katika shamba la mtu wa nchi nyingine, asihesabu magunia. Atazame tu mimea ilivyo. Karani naye, atokapo kazini, ashuke kituo kimoja kabla ya kwake, atembee njia asiyoizoea, awaamkie watu wa hapo. Na jioni mtoto anapomletea daftari lake la shule, alitazame daftari hilo kama alivyolitazama ziwa mara ya kwanza. Mtoto huyo hatakuwa na umri huo tena kesho, maana yeye naye yumo safarini, wala gari lake halirudi nyuma.

Ndugu msomaji, kama kuna mahali ulipojiahidi kwenda "ukiisha" jambo fulani, itazame kalenda yako juma hili, uchague siku, uiandike. Mwambie mkeo au mumeo, uanze kuweka akiba ya nauli. Na siku hiyo ikifika, keti karibu na dirisha.